Masizi Kwenye Chetezo cha Kusini

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu wenzangu, wazazi mliotoka majumbani usiku huu, na ninyi wanangu wa kidato cha tano na cha sita. Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Hiki hapa mezani ni chetezo cha marehemu bibi yangu. Alikifukizia nguo zake kila Alhamisi jioni, na mpaka leo ukikiinamia unasikia udi. Pembeni yake nimeweka kibatari. Naomba mmoja wenu wa mstari wa mbele apitishe kidole kwenye ukingo wa chetezo, pale palipokuwa panakaa makaa. Ahsante, mwanangu. Waonyeshe wenzako. Usifute kwanza, kaa nacho hivyo hivyo, maana mada yangu ya leo ni hicho kilichokuganda kidoleni.

Mimi ninafundisha kemia. Mwaliko ulisema nizungumzie nyota, na najua baadhi yenu mmeulizana kwa nini ameitwa mtu wa kemia. Swali hilo nitalijibu mpaka nitakaposhuka jukwaani.

Upande wa kusini wa anga, chini ya mkia wa Nge, kuna kundinyota dogo ambalo Wazungu wanaliita Ara, neno la Kilatini lenye maana ya madhabahu. Wanafalaki wa Kiarabu waliliita al-Mijmara, yaani chetezo. Ndani ya mipaka ya Chetezo hicho kuna kitone cha mwanga kisichoonekana kwa macho matupu, kiitwacho Tc 1. Ni wingu la gesi lililotoka kwenye nyota inayokata roho, maelfu ya miaka ya nuru kutoka hapa. Mwaka 2010 watafiti wanne, Jan Cami, Jeronimo Bernard-Salas, Els Peeters na Sarah Malek, walitangaza kwamba wameona ndani ya wingu hilo molekuli ya kaboni tupu yenye atomu 60, zilizopangwa kama mpira wa miguu. Waliolipa kundi hilo jina la chetezo karne nyingi nyuma hawakuwa na namna ya kujua kwamba humo mna masizi, ambayo ni kaboni. Ni sadfa, lakini kwangu mimi hakuna sadfa tamu kuliko hii.

Tuanze na kaboni yenyewe, maana haikuwepo tangu mwanzo. Nyota kama Jua letu huishi kwa kuunganisha haidrojeni iwe heliamu. Haidrojeni ya kiini ikiisha, kiini kinasinyaa na kuzidi joto, huku ganda la nje likivimba mpaka nyota inakuwa jitu jekundu. Kiini kikifika nyuzi milioni 100 hivi, heliamu nayo inaanza kuungana: viini vitatu vya heliamu vinatoa kiini kimoja cha kaboni. Kwa hesabu za kawaida jambo hilo lingetokea kwa nadra mno. Mwaka 1953 Mwingereza Fred Hoyle aliwaambia wanafizikia wa Caltech kule Marekani kwamba kiini cha kaboni lazima kiwe na ngazi fulani ya nishati ambayo hakuna aliyekuwa na uhakika nayo, kwa sababu bila ngazi hiyo ulimwengu usingekuwa na kaboni ya kutosha, na sisi tusingekuwepo kuuliza. Wakapima, wakaikuta.

Sasa kaboni imepikwa, lakini iko chini kabisa, kiini cha nyota kikiwa kimefunikwa na ganda kubwa la gesi. Katika uzee wake nyota huchemka, na gesi hupanda na kushuka kama maharage sufuriani. Mara kwa mara mchemko huo unafika chini, unazoa kaboni na kuipandisha juu. Hapo juu inakutana na oksijeni.

Hapa, wanafunzi wangu, ndipo kemia inapoingia, na naomba mnisikilize vizuri. Kaboni na oksijeni zikikutana katika gesi inayopoa, zinashikana mbili mbili kuwa kaboni monoksidi. Ni gesi ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumba kikiwa kimefungwa. Muungano wake ni miongoni mwa miungano yenye nguvu kuliko yote tunayoijua, na zikishikana haziachani kirahisi. Kwa hiyo juu ya nyota kunakuwa na aina ya ndoa za lazima: kila atomu ya oksijeni inachukua atomu moja ya kaboni, mpaka upande mmoja uishe. Oksijeni ikiwa nyingi kuliko kaboni, kaboni yote inamezwa, na oksijeni iliyobaki inaungana na silikoni na madini mengine kutengeneza vumbi la jamii ya mchanga. Kaboni ikiwa nyingi, oksijeni ndiyo inayokwisha, na kaboni inayobaki bila mwenzi inaanza kushikana yenyewe kwa yenyewe. Nyota ya aina ya kwanza inatoa mchanga. Ya aina ya pili inatoa masizi. Tofauti yote hiyo imetokana na ziada ndogo tu ya upande mmoja. Nimefundisha uwiano wa atomu kwa miaka mingi, na sijapata mfano mwingine unaoonyesha hivi kwamba kuhesabu atomu kuna maana.

Nyota ya masizi inayojulikana zaidi ni CW Leonis, katika kundinyota la Simba, umbali wa miaka ya nuru 400 hivi. Iligunduliwa mwishoni mwa miaka ya 1960, na si kwa darubini ya kawaida. Kwa mwanga tunaouona sisi ni hafifu sana, lakini kwa mionzi ya infraredi, yaani ile ya joto, ni miongoni mwa vitu ving'aavyo kupita vyote angani. Sababu ni kwamba imejizungushia moshi wake yenyewe. Upepo unaotoka kwake unakimbia kilomita 14 hivi kila sekunde, na ndani ya upepo huo zimehesabiwa molekuli za aina zaidi ya 80. Nyingi ni minyororo ya kaboni: atomu tano, saba, tisa zikiwa kwenye mstari mmoja.

Minyororo hiyo ndiyo iliyomsumbua Harold Kroto, mkemia wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza. Katika miaka ya 1970 yeye na wenzake walifanya kitu ambacho ningependa kila mwanafunzi wa sayansi akielewe. Walianza maabara. Walitengeneza molekuli ya mnyororo wa kaboni tano, wakapima kwa uangalifu ni mawimbi gani ya redio inayoyatoa inapozunguka, kisha Kroto akawapelekea namba hizo wenzake wa Kanada waliokuwa na darubini ya redio. Wakaielekeza angani kwenye namba hizo, na molekuli ikajibu. Wakafanya hivyo kwa mnyororo wa saba, kisha wa tisa wakautafuta kwa namba zilizokadiriwa kutokana na minyororo iliyotangulia. Darubini bila zile namba ingekuwa kama mtu aliyepokea barua kwa lugha asiyoisoma. Herufi anaziona, maneno hayajui.

Kroto alitaka kujua minyororo hiyo inatengenezwaje kando ya nyota. Na huko Houston, Marekani, katika Chuo Kikuu cha Rice, Richard Smalley alikuwa na mashine ambayo ilifaa: leza inapiga kipande cha kitu kigumu mpaka kinageuka mvuke, na papo hapo heliamu inapulizwa ili mvuke upoe na atomu zishikane, halafu makundi ya atomu yanapimwa uzito. Rafiki yao Robert Curl ndiye aliyewakutanisha. Haikuwa rahisi kupata nafasi, maana mashine ilikuwa na kazi nyingine, na watu walikuwa wakiitumia kwa mambo yaliyoonekana ya maana zaidi kuliko masizi ya nyota. Kroto alisubiri zaidi ya mwaka. Alifika Houston mwishoni mwa Agosti 1985, na mwanzoni mwa Septemba, pamoja na wanafunzi James Heath na Sean O'Brien, wakaweka grafiti kwenye mashine. Grafiti, kaboni ile ile ya penseli zenu.

Minyororo waliipata, kama Kroto alivyotarajia. Lakini kwenye kipimo cha uzito kulikuwa na mlingoti mmoja uliosimama kuliko yote, kwenye namba 720. Kaboni ina uzito wa 12. Gawanyeni: atomu 60. Kundi lingine la watafiti wa Marekani lilikuwa limeshauona mlingoti wa 60 mwaka mmoja kabla, likauchapisha na kupita. Hawa wa Houston hawakupita. Walibadili shinikizo, walibadili muda, na kadiri walivyobadili, ndivyo 60 ilivyozidi kutawala. Kwa nini 60? Bapa la grafiti lina kingo, na kwenye kingo kuna atomu zenye mikono mitupu inayotafuta cha kushika. Kitu chenye mikono mitupu hakiwezi kutulia hivyo. Lazima kingo zimejikunja zikafungana.

Smalley alikaa usiku mezani kwake nyumbani akikata karatasi. Alijaribu pembesita tupu. Pembesita peke yake hulala chini kama mkeka, hazifungi. Kroto alikuwa amewaambia kwamba aliwahi kuwatengenezea watoto wake tufe la karatasi lenye picha ya nyota, na alikumbuka kwamba lilikuwa na pembetano pia. Smalley akakata pembetano, akaanza na moja, akaizungushia pembesita, na karatasi ikaanza kujikunja yenyewe kama bakuli. Alfajiri alikuwa na tufe: pembetano 12, pembesita 20, na pembe 60 za kukutania. Asubuhi wakampigia simu mkuu wa idara ya hisabati kumuuliza umbo lile linaitwaje, naye akawajulisha kwamba walichonacho ni mpira wa miguu. Mpira ule wa zamani wa vipande vyeusi na vyeupe mnaujua wote. Hesabuni vipande vyeusi mkifika nyumbani. Ni 12, wala haviwezi kuwa pungufu.

Wakaiita molekuli hiyo kwa jina la msanifu majengo Buckminster Fuller, aliyejenga makuba ya umbo kama hilo, na leo jamii yake yote tunaiita fulereni. Makala ikatoka Novemba 1985, na humo humo wakasema huenda molekuli hii imeenea ulimwenguni. Mwaka 1996 Kroto, Curl na Smalley walipewa Tuzo ya Nobeli ya Kemia. Swali lililozaa yote hayo lilikuwa la nyota.

Lakini nyotani kwenyewe haikuonekana. Hili nalo lina somo lake. Molekuli ya mnyororo ina upande na upande, inatoa redio inapozunguka. Mpira hauna upande. Uzungushe utakavyo, redio hautoi. Unachoweza kufanya ni kutetema. Hapa Tanga tuna udi wa kufukiza na udi wa taarabu. Sasa naomba mfikirie ule wa pili. Kila uzi una sauti yake, na msikilizaji mzuri anatambua uzi uliopigwa bila kuuona. Atomu 60 zinaweza kutetema kwa namna 174, lakini kwa kuwa mpira huu umelingana kila upande, mitetemo karibu yote inafutana, na katika infraredi zinabaki sauti nne tu, mawimbi yenye urefu wa mikromita 7.0, 8.5, 17.4 na 18.9, mikromita ikiwa sehemu ya milioni ya mita. Hilo lilithibitishwa mwaka 1990 na Wolfgang Krätschmer wa Heidelberg na Donald Huffman wa Arizona, waliotengeneza fulereni nyingi za kutosha kushikwa mkononi. Walifanyaje? Walichoma grafiti kwa umeme ndani ya heliamu, wakakusanya masizi.

Baada ya hapo kulikuwa na namba nne za kutafuta, na miaka 20 ya kuzikosa. Darubini ya infraredi ya Spitzer ilirushwa angani mwaka 2003, nayo ilipozwa kwa heliamu ya majimaji ili joto lake lenyewe lisiharibu kazi. Cami na wenzake hawakuwa wakitafuta fulereni. Walikuwa wakipitia vipimo vya Tc 1, na mbele yao zikasimama zile sauti nne, pamoja na za ndugu yake mwenye atomu 70. Kwa ukali wa kila sauti waliweza hata kukadiria joto la molekuli zile za atomu 60: kelvini 330 hivi, yaani nyuzi 57 za Selsiasi. Chai yenu ya asubuhi ina joto zaidi. Kroto alikuwa bado hai, na alifariki mwaka 2016 akiwa amelijua jibu.

Muda si mrefu wakaziona kwenye mawingu mengine, hata katika galaksi ndogo ya Wingu la Magellan. Namna hasa zinavyozaliwa bado inabishaniwa, na mimi ninaona ushahidi mzuri uko upande wa wanaosema kwamba zinatokana na kuvunjwa kwa vitu vikubwa zaidi, wala hazijengwi atomu moja moja. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona walichukua chembe za silikoni kabaidi, jamii ya kile kinachokwaruza kwenye msasa, wakazipiga kwa ioni, yaani atomu zenye chaji ya umeme, na kuzichoma kwa joto kali. Silikoni ikatoka, kaboni ikabaki juu, na humo fulereni zikajitokeza. Chembe kama hizo nyota za masizi huzitoa. Baadhi zimekutwa ndani ya kimondo kilichoanguka Murchison, Australia, mwaka 1969, zikiwa na umri mkubwa kuliko Jua.

Kuna kisa kingine ambacho siwezi kukiruka. Mwaka 1919 mwanafunzi aitwaye Mary Lea Heger, katika kituo cha kutazamia nyota cha Lick, California, aliona kwenye mwanga wa nyota mistari hafifu ya giza isiyotoka kwenye nyota yenyewe. Kitu fulani njiani kilikuwa kinakula mwanga. Mistari hiyo ikaendelea kuongezeka mpaka ikapita 500, na karibu yote haikuwa na mwenyewe. Mwaka 1994 Bernard Foing na Pascale Ehrenfreund walipata miwili kwenye infraredi ya karibu, wakasema huenda ni fulereni iliyopoteza elektroni moja. Kuthibitisha kulihitaji kuishika ioni hiyo ikiwa baridi kama ilivyo angani, na kundi la John Maier kule Basel, Uswisi, lilitimiza hilo mwaka 2015 kwa nyuzi karibu 6 juu ya sifuri halisi, baridi isiyo na kuzidi. Mistari ikakaa pale pale ilipoonekana angani. Zaidi ya karne nzima tangu Heger, na mistari michache tu imepata mwenyewe. Mingine mamia inasubiri mkemia.

Sasa turudi kwenye kidole cha mwenzenu. Masizi haya si mipira mitupu. Mengi ni bapa: pete za kaboni zilizoshikana, kingoni zikiwa na haidrojeni. Zipo kwenye moshi wa kibatari hiki, zipo kwenye ncha zilizoungua za mishikaki, zipo kwenye moshi wa jikoni ambao mama zetu wanauvuta kila siku, na hili nalisema bila kupamba: molekuli hizi zinaumiza mapafu na baadhi zinaleta saratani. Fungueni madirisha ya jiko. Kemia hiyo hiyo ikiwa mbali nayo tunaifurahia, ikiwa puani inaua. Katika miaka ya 1980 wataalamu walitambua kwamba mng'ao wa mikromita 3.3, 6.2, 7.7 na 11.2 unaoonekana karibu kila penye vumbi na nyota changa unatoka kwenye bapa hizo, na huenda sehemu ya kumi ya kaboni yote iliyoko kati ya nyota, au zaidi, imekaa humo.

Mng'ao huo ulisema ukoo tu, jina halikutajwa. Majina yameanza kupatikana juzi juzi, tena mahali pasipotarajiwa. Kilimia mnakijua, nyota zile zilizowaongoza wazee wetu kwenye msimu wa kulima. Katika sehemu hiyo hiyo ya anga, kundinyota la Ng'ombe, kuna wingu jeusi liitwalo TMC-1, baridi ya kelvini 10, yaani nyuzi 10 tu juu ya sifuri halisi, halina nyota ndani ya kulipasha moto. Kwa darubini ya redio ya Green Bank, Marekani, watafiti walikuta humo molekuli ya pete moja mwaka 2018, pete mbili mwaka 2021, pete nne mwaka 2024, na pete saba mwaka 2025. Tulizoea kusema masizi ni mtoto wa moto. Sasa inaonekana ama yamesafiri kutoka kwenye nyota na kunusurika njiani, ama kuna njia ya kuyatengeneza kwenye baridi kali. Vumbi la asteroidi Ryugu, mwamba unaozunguka Jua, lililoletwa na chombo cha Japani mwaka 2020, lina pete ambazo isotopu zake, yaani atomu za aina moja zenye uzito tofauti, zinaelekeza kwenye baridi.

Ndiyo sababu mmemwita mtu wa kemia, hata kama hamkukusudia. Karibu kila nilichokitaja kilishikwa kwanza maabara, kikapimwa, kikapewa namba, ndipo darubini ikajua cha kutafuta. Mwanafunzi aliyechoka kurudia titresheni mara ya tatu kwa sababu jibu limetofautiana kwa nukta mbili anafanya mazoezi ya kazi hiyo hiyo.

Saa tatu imekaribia. Naomba fundi azime taa za ukumbi na za uwanjani, kisha tutoke taratibu, wazee watangulie. Usiku wa leo hauna mwezi. Simameni mtazame kusini, upande wa Pangani. Nge yuko juu, mtamjua kwa nyota nyekundu kifuani. Fuateni mkia mpaka kwenye mwiba, halafu mshuke kidogo kuelekea chini. Zile nyota chache zisizong'aa sana ndizo Chetezo. Mwenye kidole cheusi apite mbele, atuonyeshee.